Kitambaa cha Kombe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Mtu akinisalimu kwa furaha kupita kiasi huwa natazama mikono yake kwanza. Nikiletewa sahani ya futari nauliza imepikwa na nani kabla ya kuuliza kimepikwa nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, akisema ningeweza kumshuku hata kuku kwa kutaga yai kubwa. Basi mnisome mkilijua hilo, maana haya ninayoyasimulia ni ya mwaka ambao shuku zangu zilinifikisha pabaya.

Wakati huo nilikuwa na ng'ombe mmoja na rafiki mmoja, na nusura niwapoteze wote wawili.

Ng'ombe alikuwa mwekundu, chotara, aliyebaki katika watatu walioachwa na mume wangu. Wawili walikufa kwa ugonjwa wa kupe mwaka uleule wa msiba. Tunakaa ndani kidogo ya Msambweni, mahali pa minazi, mikorosho na mihogo, na ng'ombe wa maziwa huku ni wa kuhesabu kwa vidole. Upande wetu wa njia walikuwa wawili tu, wangu na wa jirani yangu. Baada ya eda watu waliponiambia kwamba mjane hawezi kufuga peke yake, niliapa kuwa banda lile halitabaki tupu nikiwa hai. Kila alfajiri nikishasali nilikuwa nakwenda kumkama, na ile saa moja bandani ndiyo saa pekee ya siku niliyomsikia mume wangu karibu.

Rafiki ndiye huyo jirani, mwanamke wa Kikamba aliyekuja na mumewe kulima mashamba ya makazi yaliyogawanywa na serikali. Baina yetu ulikuwa ua mmoja wa makuti. Kwa miaka kumi na miwili tulikata majani pamoja, tukapeana machicha ya nazi na pumba, na mmoja wetu akiugua mwingine alimkamia ng'ombe wake. Yeye Jumapili yuko kanisani, mimi Ijumaa nina shughuli zangu, na siku zilizobaki tuko pamoja. Siku moja tulikwenda Ukunda tukanunua doti ya leso nyekundu, yenye pindo jeusi na picha za mabibo, tukaikata katikati. Kipande chake, kipande changu. Huku kwetu mtu hagawani doti na yeyote tu.

Sasa nije kwenye lile neno.

Asubuhi moja alinikuta namaliza kukama. Alisimama mlangoni mwa banda, akashika kiuno, akapaza sauti hadi barabarani.

"Woi, mama! Hii kiwele ni ya ng'ombe ama ni ya ndovu? Hii ni kubwa sana!"

Nikangoja. Kwetu mtu akisifu kitu cha mwenzake, awe mtoto, nywele au mnyama, hutanguliza Mashaallah, ili sifa isigeuke jicho. Nikangoja aseme, na kusema kweli nilimtazama mdomo. Yeye akacheka, akachukua mundu wake, akaenda zake. Alikuwa hajapata kulisema neno hilo tangu nimjue, lakini siku nyingine zote hakuwa amekisifu kiwele.

Siku ya nne chuchu ya nyuma, ya kushoto, ikawa ngumu na ya moto. Nikiibana inatoa maji ya manjano yenye mabonge kama maziwa yaliyokatika. Ng'ombe akarusha teke, akamwaga ndoo. Nilikaa juu ya kigoda nikatazama maziwa yakinywewa na mchanga, na jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa ugonjwa. Lilikuwa sura ya jirani yangu akicheka mlangoni.

Nilikwenda Kona ya Musa, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanitolea mirija ya dawa ya kutia ndani ya chuchu. Niliitazama ile mirija ilivyokuwa imepangwa dirishani, jua linaipiga, nikamshuku na yeye pia. Nilinunua, nikatia siku mbili badala ya zile alizonielekeza, nikaona uvimbe umepungua, nikaacha. Baada ya wiki chuchu ile iliziba kabisa. Haikutoa kitu tena mpaka leo.

Kaka yangu, ambaye anatunza bustani katika hoteli moja kule Diani, alikuja kutazama. Ndiye mkubwa wetu, na tulikubaliana baada ya mazishi kwamba neno la kuuza mnyama litakuwa lake. Hana ubaya, ila ana haraka.

"Mdogo wangu," akaniambia, "chuchu tatu bado ni ng'ombe. Chuchu mbili ni mzigo. Ya pili ikiziba, nampigia simu mnunuzi wa Samburu aje na lori lake."

"Kaka, huyu ni ng'ombe wa marehemu."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia mapema."

Usingizi ulinipaa siku zile. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa yetu, mzee mpole mwenye kikohozi, nikamweleza habari ya jicho. Hakunibishia wala hakunikubalia. Alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani, akaikosha kwa maji na marashi ya mawaridi, akanitilia lile kombe katika chupa. Akanambia nimwoshee ng'ombe kiwele kwa siku tatu, na papo hapo nimwite daktari wa mifugo. Nusu ya kwanza niliisikia vizuri sana. Ile ya pili niliiacha palepale madrasani.

Na siku tatu niliziona chache. Mtu kama mimi akipata kinga hataki iishe. Nikachana kipande cha ile leso nyekundu, nikakilowesha katika kombe lililobaki, nikakianika kivulini, nikafunga punje ya ubani katika pembe yake. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikitia maji kidogo, nikampangusa ng'ombe chuchu zote, ile mbovu na zile nzima, kisha nikakitundika kwenye boriti ya banda. Sikukifua. Sabuni ingeondoa baraka, na maji ya kufulia yangemwagwa chini yakakanyagwa na miguu ya watu. Nilikitunza hivyo kwa mwezi na zaidi. Kilikuwa kigumu, kina harufu ya marashi juu na harufu nyingine chini yake, na kila nikikishika nilijiona salama.

Katikati ya mwezi huo jirani yangu akafiwa na shangazi yake huko Ukambani. Alikuja mbio, kitambaa kichwani, machozi yanamtoka, akaniomba nimkamie ng'ombe wake mweusi mpaka arudi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nikampa na nazi za njiani.

Nikisema nilikwenda bandani kwake kwa wema mtupu nitakuwa nimedanganya nusu. Nilikwenda pia kupekua. Nilitazama juu ya boriti, chini ya hori, nyuma ya magunia ya pumba, nikitafuta sijui nini, hirizi au kipande cha nywele za mkia wa ng'ombe wangu. Nilikuta chumvi ya mifugo, ndala moja na kalenda ya kanisa. Kukosa kitu hakukunituliza. Nilijiambia kwamba mtu mjanja haweki vitu vyake bandani.

Na kila asubuhi, kabla ya kumkama yule mweusi, nilimpangusa kwa kitambaa changu. Nilijiambia kama kuna ubaya katika nyumba hii, utavunjika hapa hapa. Na pia nilitaka ng'ombe wake apate baraka. Yote mawili yalikuwa moyoni mwangu kwa wakati mmoja, na sikuona tabu.

Siku ya mwisho nilikisahau kitambaa bandani kwake.

Jirani alirudi usiku, na asubuhi nilingoja aje na salamu na vitu vya safari, maana hakuwahi kurudi kwao bila kuniletea maembe au pojo, zile ndengu za kwao. Hakuja. Nilipotoka nje nikaona kitambaa changu kimechomekwa juu ya ua, kwenye ncha ya kijiti kirefu. Hakukishika kwa mkono. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: baraka imemchoma. Mtu asiye na ubaya angekikunja akaniletea.

Nikakichukua, nikaingia ndani, na moyo wangu ukanidunda kwa kitu ambacho sasa naona aibu kukiita furaha.

Kuanzia hapo alikata majani upande wake na mimi upande wangu. Tukikutana njiani anainama kama anayetafuta kitu mchangani. Mimi namsalimu kwa sauti kubwa makusudi, ili wapita njia wajue nani kamnunia nani. Wiki ya pili nikasikia kwamba ng'ombe wake mweusi ana kiwele kimevimba. Wiki mbili nyingine, chuchu mbili zimeziba. Nilijisemea kimoyomoyo kuwa dawa zake zimemrudia mwenyewe.

Halafu lori likaja kutoka Samburu. Nilisimama nyuma ya ua nikatazama kupitia makuti. Wanaume watatu walimsukuma yule mweusi kwenye ubao, naye akaweka miguu ngumu, akalia. Jirani yangu alikuwa amesimama na kamba tupu mkononi. Lori lilipoondoka aliiviringa ile kamba taratibu, akaingia ndani. Sikwenda kumpa pole. Miaka kumi na miwili, na sikuvuka ua.

Siku chache baada ya hapo nikaona mabonge katika chuchu ya mbele ya ng'ombe wangu. Ya pili.

Kaka sikumwambia. Nilifunga mlango wa banda hata mchana, nikakipitisha kile kitambaa mara mbili kwa siku badala ya moja.

Ndipo akatokea binti wa chuo. Alikuja na afisa wa mifugo wa upande wetu, akaniamkia vizuri, akasema anafanya utafiti juu ya ugonjwa wa kiwele na mafuta ya mimea, na kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akizunguka mabanda ya upande wetu. Alikuwa mwembamba, viatu vya mpira, mkoba wenye barafu ndani. Alisema anataka maziwa kidogo tu kutoka kila chuchu, ya kwenda kupima.

"Maziwa ya ng'ombe wangu unayapeleka wapi?"

"Maabara, mama. Naotesha bakteria waliomo, halafu najaribu mafuta gani yanawaua."

"Na yakibaki?"

"Yanachomwa. Hayabaki."

Nilimkata jicho. Maziwa yaende safari, yaoteshwe, kisha yachomwe! Kwetu kitu cha mnyama wako kikienda mkononi mwa mgeni hulali. Lakini chuchu ya pili ilikuwa imeugua na mnunuzi wa Samburu njia ya kuja kwetu alikuwa ameshaijua. Nikamwambia ayachukue.

Akafungua kisanduku cha vichupa ili nivione, nadhani kwa kuniondolea wasiwasi. Akanipa kimoja ninuse. Karafuu. Hiyo naijua, imeniponyesha jino mara ngapi. Cha pili mchaichai. Cha tatu mrehani, ambao umejaa mlangoni mwangu. Badala ya kutulia nilishuku zaidi. Mtu atoke chuo kikuu, apande gari siku nzima, aje kuninusisha vitu vya jikoni kwangu? Nilijua lazima kuna cha nne ambacho hajanionyesha.

Alikama tone tone katika vichupa, akapangusa mikono yangu kwa kijiti chenye pamba, akapangusa ndoo. Kisha akauliza, "Na kitambaa unachompangusia, mama?"

Kile kitambaa kilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye boriti. Ningeinua mkono tu. Nikaingia ndani, nikamletea kitambaa kipya cheupe ambacho hakijamgusa ng'ombe hata siku moja. Kombe langu halikuwa la kutiwa katika vichupa vya watu. Akakipangusa, akaandika, akanishukuru.

Kabla ya kuondoka aliniambia nisingoje majibu, nimwite daktari wa mifugo kwa ile chuchu. Afisa akaniandikia nambari. Niliiweka karatasi kabatini.

Alirudi baada ya siku kumi, peke yake. Tuliketi kwenye mkeka upenuni, akanionyesha picha katika simu. Vilikuwa visahani vya plastiki vyenye kitu kilichoganda kama faluda, na juu ya faluda ile ukungu wa madoa madoa meupe. Akasema madoa yale ndio bakteria wenyewe, wametoka katika chuchu ya ng'ombe wangu. Kisha akanionyesha kisahani kingine ambacho aliweka viduara vidogo vya karatasi vilivyochovywa mafuta. Kuzunguka karatasi ya karafuu kulikuwa na duara pana, safi, bila doa hata moja. La mchaichai lilikuwa dogo kidogo. La mrehani halikuonekana vizuri, na nitakuwa mwongo nikisema sikuudhika kwa ajili ya mrehani wangu.

"Basi nimtie mafuta ya karafuu," nikasema.

"La, mama, tafadhali. Makali yatamchoma. Na haya ni mambo ya kisahani. Ndani ya ng'ombe ni habari nyingine. Mimi nataka kujua kama yakichanganywa na maji mengi yanaweza kutumika kuchovya chuchu baada ya kukama, kuwazuia bakteria wasiingie. Hata hilo bado tunalijaribu. Aliyeugua anahitaji daktari."

Hilo lilinifanya nimtazame upya. Muuzaji wa uongo hakwambii kwamba dawa yake bado.

Akavuta pumzi, akaweka picha mbili pamoja. "Kuna kitu sikielewi. Hawa wa kushoto wametoka kwako. Wa kulia wametoka kwa ng'ombe mwingine upande huu, nilimpima kabla hajauzwa. Wanafanana kwa kila kipimo nilichofanya."

Nilijua! Nilisema kwa sauti, "Nilijua! Ameniletea yeye!"

Binti akatikisa kichwa. "Wako aliugua kwanza, mama. Mwezi mzima mbele. Wakiwa ni hawa hawa, basi wametoka kwako kwenda kwake. Hawaruki ua. Wanabebwa na mkono, au ndoo, au kitambaa. Vya kwako nilivipima, kitambaa chako ni safi kabisa." Akanitazama. "Kuna kitu chochote kilichotoka bandani mwako kikaingia bandani mwake?"

Nikasema hakuna.

Nilisema haraka mno. Akazima simu yake, na nikasikia ng'ombe wangu akikohoa bandani. Niliiona mikono yangu mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, ikipitisha kitambaa kutoka chuchu mbovu hadi chuchu nzima, kisha nikivuka ua. Nilimwona yule mweusi akiweka miguu ngumu kwenye ubao. Nikainuka, nikaenda bandani, nikakitoa kwenye boriti, nikakiweka juu ya mkeka mbele yake.

"Hiki ndicho," nikamwambia. "Kile cheupe nilikudanganya."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivaa glavu, akakipangusa kwa vijiti vyake, akaniuliza kimefuliwa lini. Nikamwambia sikuwahi kukifua. Baada ya siku chache alinitumia picha ya kisahani cha kitambaa. Faluda yenyewe haikuonekana kwa wingi wa madoa.

Nilikwenda na kitambaa kwa mwalimu, nikitaka angalau yeye anilaumie mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza, "Nani alikwambia usikifue?"

"Niliogopa baraka itaondoka."

"Mwanangu, mimi nilikupa maji ya siku tatu. Kitambaa ulikitunga wewe. Na daktari nilikwambia umwite, ulimwita?"

Akanisomea dua, akanambia kitambaa nikichome, nizike jivu mahali pasipokanyagwa, halafu niende kwa jirani. Alitaja jirani mara mbili.

Daktari wa mifugo nilimwita siku hiyo hiyo. Alitia dawa kwa siku zote zilizotakiwa, na nilisimama kando yake kuhakikisha hazikosi, nikiwa namshuku bado, kwa mazoea. Chuchu ya mbele ikapona. Kaka alipokuja, ng'ombe alikuwa anatoa maziwa meupe kwa chuchu tatu, naye akasema basi, chuchu tatu bado ni ng'ombe. Nilikuwa nimempata niliyempigania. Kwa jirani nilichelewa wiki nzima, kila siku na kisingizio chake.

Hatimaye nilivuka ua alasiri moja. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akichambua pojo. Nyuma yake banda lake lilikuwa limewekwa kuni.

"Hodi," nikasema.

Hakuniambia karibu. Lakini hakuinuka pia. Nikaketi chini, mchangani, nikamweleza yote, kuanzia kombe mpaka kisahani. Nikamwambia kwamba nilipekua bandani kwake. Nikamwambia kwamba kitambaa changu ndicho kilichomuua kiwele yule mweusi. Mikono yake iliendelea kuchambua pojo, kisha ikaacha.

"Hiyo leso niliijua," akasema. "Si ni yetu? Nilifika kwa boma nikaona imetundikwa hapo, imekuwa manjano, na kitu imefungwa kwa kona. Nikaambia mzee wangu, huyu mama anataka kutumaliza. Nilishindwa kulala. Ng'ombe ilianza kuugua, nikasema, ni yeye."

"Ulidhani nimekuroga?"

"Nilidhani nini tena?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akaniangalia moja kwa moja, mara ya kwanza tangu arudi matangani. "Na wewe? Uliniuliza?"

Nikamweleza habari ya siku ile ya kiwele kikubwa, na ya Mashaallah niliyoingoja. Hakukumbuka. Hakukumbuka hata kidogo kama aliwahi kusimama mlangoni akasema hivyo.

"Miaka kumi na mbili," akasema, "hujawahi kuniambia hiyo maneno inasemwa. Ungeniambia, ningesema."

Nikalia. Nililia kama mtu mzima anavyolia akijua kosa ni lake, bila sauti na bila kungoja kubembelezwa. Nikamwambia ng'ombe wake sitaweza kumrudisha.

"Hapana," akasema. "Hutaweza." Kisha akarudi kwenye pojo zake, nami nikakaa hapo mpaka akamaliza, maana hakunifukuza.

Siku tatu zikapita kimya. Ya nne, alfajiri, nikiwa nimechemsha maji ya kuoshea kiwele, nilisikia miguu nje ya banda. Alikuwa yeye, ameshika kipande chake cha ile doti, kimekunjwa vizuri, hakijafifia kama changu. Kurudishiwa nusu ya doti hakuhitaji maelezo. Lakini alipokikunjua nikaona ameshakikata. Vipande vinne vidogo, vimefuliwa, bado vina unyevu na harufu ya sabuni.

"Yule msichana alikuja kwangu pia," akasema. "Alisema kila chuchu na kitambaa yake, na kila siku ichemshwe."

"Ni chuchu tatu tu sasa," nikamwambia.

Akatazama kile kipande cha nne, akakitia mfukoni. Kisha akainama, akakitazama kiwele cha ng'ombe wangu, kilicholegea upande mmoja, chenye chuchu moja iliyokufa, kiwele ambacho hakuna mtu angekisifu. Alikitazama muda mrefu.

"Mashaallah," akasema polepole, kama anayejaribu hatua kwenye ubao usioaminika.

Nilichukua kigoda nikakaa, nikaanza kukama, maana nilihitaji mahali pa kuuficha uso. Alibaki amesimama mlangoni, mikono mitupu, saa ambayo kwa miaka kumi na miwili alikuwa na ng'ombe wake wa kukama.